Ekklesia: Neno la Mkutano na Safari Yake hadi Ufukoni mwa Ziwa

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, imesimuliwa habari ya ghasia zilizotokea katika mji wa Efeso, huko Asia Ndogo. Demetrio, fundi wa kufua fedha, aliwachochea mafundi wenzake, akiwaonya kwamba mahubiri ya Paulo yangeharibu biashara yao ya vijumba vya mungu wa kike Artemi. Mji ukachafuka. Watu wakakimbilia katika ukumbi mkubwa wa michezo, wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili, na wengi wao hawakujua hata sababu ya kukutanika kwao. Hatimaye akasimama karani wa mji, akawatuliza, akawaambia kwamba ikiwa Demetrio ana daawa na mtu, mahakama zipo. Na ikiwa wananchi wana jambo jingine, jambo hilo litaamuliwa katika mkutano ulio halali. Kisha akawaruhusu waende zao. Sisi tulioshika kalamu ya serikali kwa miaka mingi hatuwezi kuisoma habari hiyo bila ya kumhurumia karani yule, aliyelazimika kuzima moto ambao hakuuwasha.

Lakini si karani aliyetufanya tuilete habari hii mbele ya walimu na wanafunzi. Ni neno moja. Mwandishi, aliyeandika kwa Kiyunani, amelitumia neno hilo mara tatu katika sehemu hiyo: kwanza kwa lile kundi lenye makelele, pili kwa mkutano halali ambao karani aliutaja, na tatu kwa watu wale walioruhusiwa kutawanyika. Neno lenyewe ni ekklesia. Ni lile lile ambalo mahali pengine katika Agano Jipya limefasiriwa kwa Kiswahili kuwa kanisa.

Msomaji wa Kiswahili halioni jambo hili. Katika tafsiri ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyosomwa zaidi katika sehemu zetu za Ziwa, watu wa Efeso hawakuitwa kanisa; pametumika kusanyiko na maneno ya namna hiyo. Lakini katika sura ya 7 ya kitabu hicho hicho, kundi la Waisraeli walipokuwa jangwani wakiongozwa na Musa limeitwa kanisa, ingawa siku zile hapakuwa na jengo wala kengele, wala Mkristo hata mmoja. Wafasiri waliligawa neno moja mafungu mawili: fungu la dini wakalipa jina moja, na fungu la raia wakalipa jina jingine. Hatusemi kwamba walifanya vibaya. Twasema kwamba walichagua, na kila uchaguzi wa mfasiri huacha kitu nje ya mlango.

Tutazame basi kilichoachwa nje. Miaka mia nne na zaidi kabla ya ghasia za Efeso, katika mji wa Athens, ekklesia lilikuwa jina la mkutano wa wananchi wote wenye haki ya kutoa rai. Walikutana juu ya kilima cha Pnyx, na katika karne ya nne kabla ya Kristo walikutana mara 40 kwa mwaka. Baadhi ya mambo mazito, kama vile kumpa mgeni haki ya uraia, hayakuweza kupitishwa mpaka ziwepo kura 6,000. Mpiga mbiu aliuliza ni nani anayetaka kusema, na yeyote katika raia aliweza kusimama. Walijadili vita na amani, nafaka, merikebu na fedha za mji. Kisha wakainua mikono, na mikono ikahesabiwa au kukadiriwa. Katika mambo ya nchi hapakuwa na bwana wa kukata rufani kwake.

Wahubiri wengi hupenda kueleza kwamba ekklesia maana yake ni walioitwa watoke, kwa kuwa neno hilo limejengwa juu ya kitenzi cha kuita. Asili ya neno ni hiyo, na mtu wa Pwani atakumbuka upesi kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Hata hivyo tuwe waangalifu. Maana ya neno haikai katika mizizi yake tu, bali katika vinywa vya wanaolitumia. Mtu asemapo mkutano hafikirii kitenzi cha kukuta, kama kwamba watu wamekutana kwa bahati njiani. Raia wa Athens naye aliposema ekklesia alifikiri kilima, umati na mambo ya siku ile, basi.

Wala tusilipambe jambo hilo kupita kiasi. Katika mkutano ule wa Athens wanawake hawakuwamo, watumwa hawakuwamo, na wageni waliokaa mjini na kufanya kazi humo miaka nenda miaka rudi hawakuwamo pia. Waliokuwamo nao waliweza kukosea vibaya. Mwaka 406 kabla ya Kristo mkutano huo uliwahukumu kwa pamoja majemadari 8 waliotoka kushinda vita vya baharini huko Arginusae, kwa kosa la kutowaokoa mabaharia waliozama. 6 waliokuwapo mjini wakauawa. Baadaye wananchi wakajuta. Kwa hiyo Mwandishi wa Matendo alipoliita kundi la Efeso kwa jina lile lile la mkutano halali, pengine hakuteleza kalamu. Wayunani walijua kwamba umbali baina ya mkutano na ghasia si mkubwa.

Neno hili lilivukaje kutoka kilimani hata likaingia katika dini? Jibu liko Alexandria, nchini Misri, ambako kuanzia karne ya tatu kabla ya Kristo Wayahudi waliyafasiri maandiko yao kutoka Kiebrania kwenda Kiyunani. Walihitaji neno la kutajia kusanyiko la taifa lao mbele ya Mungu, nalo kwa Kiebrania ni kahal. Mara nyingi wakachagua ekklesia, na mara nyingine sinagogi, ambalo nalo kwa asili ni kukusanyika tu. Wakristo wa kwanza waliyasoma maandiko hayo kwa Kiyunani. Walipojiita ekklesia hawakubuni jina la dini mpya. Walichukua jina la watu waliokusanywa, jina ambalo kila mpita njia katika mji wa Kiyunani alilielewa kuwa ni la mkutano wa raia.

Kiswahili hakikulipokea neno hilo kwa mlango wa Kiyunani. Kanisa ni neno tulilopewa na Kiarabu, na Kiarabu kililipata kwa Kiaramu, ndugu yake Kiebrania. Shina lake ni lile la kukusanya. Wanafunzi watastaajabu wakiambiwa kwamba Bunge la taifa la Israeli, liitwalo Knesset, jina lake limechipuka katika shina hilo hilo. Hivyo kanisa nalo, kwa asili, ni mkusanyiko. Lakini lilipofika Pwani lilikuwa limekwisha kuvaa mawe na chokaa. Kwa Waarabu lilikuwa jina la nyumba ya ibada ya Wakristo, na kwa Waswahili likawa hivyo hivyo: kanisa hujengwa, huezekwa, hufungwa kwa kufuli. Twaweza kusema watu wameingia kanisani na kanisa likabaki tupu walipotoka, na hapana atakayeona ajabu. Kwa Myunani wa zamani maneno hayo yasingekuwa na maana. Watu wakiondoka, ekklesia haipo.

Lugha yetu ina mfano mwingine uliokwenda kinyume na huo. Baraza, katika nyumba ya Mswahili, ni kibao cha mawe mbele ya mlango, mahali pa kukaa na kuzungumza na wageni. Jiwe hilo likawapa jina wale walioketi juu yake, hata leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Kiswahili na Baraza la Kijiji, na hapana anayefikiri juu ya kibao. Kanisa lilianza kuwa watu likawa nyumba. Baraza lilianza kuwa nyumba likawa watu. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuwafundisha vijana jinsi maana za maneno zinavyohama hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Tusisahau pia shina la tatu la kukusanya, ambalo Kiarabu kilitupa kwa ukarimu zaidi. Kutoka humo tumepata Ijumaa, siku ya kukusanyika. Tumepata jamaa, jamii na jumuiya. Na kutoka jamaa tukaunda wenyewe ujamaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangazwa, Watanzania waliupokea mwelekeo wa nchi kwa neno ambalo ukilifuata nyuma utafika mahali pale pale pa watu waliokusanyika.

Sasa tuje ufukoni. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe kutoka Ufaransa wakafika mwaka 1879. Wote walipitia upande wetu wa kusini mwa Ziwa, wakifuata njia ya misafara itokayo Unguja na Bagamoyo. Mapadre hao walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, walivuka maji wakaweka misheni yao Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883. Waingereza nao walikuwa na kituo huko Nasa, ambacho mwaka 1909 walikikabidhi kwa misheni ya Kimarekani iliyozaa Kanisa la Afrika Inland. Kwa hiyo Ziwa hili lilizungukwa na wafasiri. Kila mmoja alikaa na kalamu yake mbele ya neno lile la Kiyunani akajiuliza aliandikeje.

Majibu hayakuwa mamoja. Buganda, Waprotestanti walikubali kanisa, neno lililokuja na Kiswahili. Wakatoliki wakashika Eklezia, wakalileta neno la kale karibu kama lilivyokuwa. Palepale katika nchi moja na lugha moja, mtu alitambulikana dhehebu lake kwa neno alilolichagua, na katika miaka ya 1888 hadi 1892, vyama vya dini vilipopigana Buganda, jambo kama hilo halikuwa dogo. Rwanda Wakatoliki wana Kiliziya, Burundi na Kongo ya mashariki wana Eklezia kwa matamshi yao. Waprotestanti wa Rwanda waliingia ndani ya lugha yao wenyewe wakachukua itorero, lililokuwa jina la mahali pa kuwafundisha vijana wa Mwami adabu, silaha na ngoma; na wa Burundi wakachagua ishengero. Kwa maoni yetu, wafasiri wa Rwanda ndio waliothubutu zaidi: walitafuta katika maisha ya watu chombo kilichokuwa hai, wakakitia maana mpya.

Mwanza neno la Kiswahili ndilo lililoshinda, kwa madhehebu yote. Lakini tazama jinsi lugha ilivyojitibu yenyewe. Kwa kuwa kanisa limekwisha kuwa jengo, au jina la shirika zima la dini, ilibidi yatafutwe maneno mengine ya kuwataja watu wenyewe waliokutana. Walutheri, ambao makao ya Dayosisi yao ya Mashariki ya Ziwa Victoria yako Mwanza, husema usharika. Wakatoliki wana parokia na kigango, na tangu miaka ya 1970 wana jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani wa nyumba chache hukutana kila juma. Usharika huu, jumuiya hii, ndiyo maana ya kwanza ya ekklesia iliyorudi kwa mlango wa nyuma.

Isidhaniwe kwamba mabishano ya namna hii yalikuwa ya Waafrika tu. William Tyndale, alipolifasiri Agano Jipya kwa Kiingereza na kulipiga chapa mwaka 1526, alikataa kuliita kanisa. Aliandika neno lenye maana ya kusanyiko la watu. Thomas More akamshambulia vikali kwa ajili hiyo, kwa sababu alitambua kwamba ukiliita kusanyiko, mamlaka ya maaskofu yatapungua. Tyndale aliuawa mwaka 1536. Na Mfalme James alipoamuru tafsiri mpya, iliyotoka mwaka 1611, wafasiri walipewa sharti la wazi kwamba neno la zamani lisiguswe. Watawala waliona kwamba neno la mkutano lina hatari ndani yake.

Watu wa Mwanza waliijua hatari hiyo bila ya kujifunza Kiyunani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 mji huu ulikuwa na wana-TAA hodari, miongoni mwao Paul Bomani, Isaac Munanka na mshairi mwenzetu Saadani Kandoro. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilikataa kuiandikisha katika Jimbo la Ziwa, na hali ikawa hivyo mpaka mwaka 1958. Kwa miaka minne hiyo, watu wachache wakikutana kwa jina la TANU walikuwa wamefanya mkutano usio halali. Nao wakikutana kwa bei ya pamba, katika vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 kuwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, walikuwa halali. Watu walikuwa wale wale, na mara nyingi malalamiko yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa cheti.

Katikati ya mwaka 1958 wananchi wa Geita, wakichukizwa na mpango wa kuwawekea baraza la mseto la mataifa mbalimbali ambalo hawakulitaka, walikuja Mwanza kwa wingi kupeleka malalamiko yao kwa wakuu wa Jimbo. Wakakaa mjini wakingoja jibu. Jibu lililowafikia lilikuwa polisi na mabomu ya kutoa machozi. Mbele ya wakuu wale umati huo ulikuwa ghasia, kama ule wa Efeso; mbele ya wananchi ulikuwa mkutano. Lakini watu wa Geita walijua vema sababu ya kuja kwao, jambo ambalo wale wa Efeso hawakulijua, nao hawakupata karani wa kuwaonyesha palipo na mkutano halali wa kwenda kusemea. Huo uliokuwako ulikuwa umekatazwa.

Nchi za Wasukuma zilikuwa na mikutano yao kabla ya serikali yoyote ya kutoa cheti. Mtemi alikuwa na wazee wake, banamhala. Vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kulima na kujenga. Na jambo la watu wote lilipelekwa dagashida, mkutano wa jamii nzima, uliohukumu wenye makosa na kuweka kanuni, hata za malisho yaliyotengwa yaitwayo ngitili. Dagashida lilikuwa na mapungufu yaliyofanana sana na ya Athens, kwani sauti zilizosikika zilikuwa za wanaume. Chombo hiki hakikufa. Miaka ya mwanzo ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi katika Shinyanga, Tabora na Mwanza, wanavijiji waliunda Sungusungu, nao wakakutana kwa desturi hiyo hiyo ya zamani. Walirudisha ng'ombe wengi. Kadhalika palikuwa na mahali ambapo mtu alitengwa au kuteswa kwa tuhuma ambazo hazikuthibitishwa, na hatuna budi kulisema hilo, kama Wayunani walivyoandika habari ya majemadari wao. Mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Katika sheria za nchi, mkutano wa wananchi umepewa nafasi ambayo raia wa Athens angeitambua. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 iliweka mkutano wa wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, ikaendeleza jambo hilo: mkutano ndio wenye kauli kuu katika mambo ya kijiji, nao ndio uichaguao halmashauri. Hapa twaipita Athens, kwa kuwa mama mkulima wa Magu na mvuvi wa Ukerewe wamo sawasawa, bila ya kuulizwa ukoo wala jinsia. Kwamba katika vijiji vingine mwenyekiti huitisha mkutano ili asikilizwe yeye tu, hilo lajulikana. Lakini hapo pana kosa la mwenyekiti, si la sheria.

Sasa mwalimu akitaka, awape wanafunzi wake wa Mwanza kazi hii: waifasiri ile habari ya Efeso kwa Kisukuma, wakiwauliza wazee wao. Sisi tulijaribu. Mkutano halali wa karani haukutupa taabu. Dagashida latosha, kwa maana watu wa dagashida huitwa kwa utaratibu, hukaa, na husikilizana kwa zamu. Ugumu ulikuwa kwa lile kundi la ukumbini. Wasukuma wana mwano, ukelele wa hatari unaopokewa kutoka nyumba hadi nyumba na kuwatoa watu mbio na silaha mkononi kabla hawajauliza kuna nini. Wale wa mafundi wa Demetrio walikuwa watu wa mwano. Myunani alikuwa na neno moja kwa yote mawili. Msukuma anayo mawili, nayo hayachanganyi.